Herufi Nne

Nilifika na shahada mbili na mkoba wa kamusi,
chumba 214, Filadelfia Kaskazini,
bomba la joto likigonga ukutani kama mdai kodi,
dirisha moja limezibwa kwa boksi la ndizi.
Nikaandika ubaoni: amo, amas, amat.
Dashawn akauliza, wala si kwa uchokozi,
"Bi. Brathwaite, lugha hii anaisema nani?"
Hakuna.
"Wamekufa wote?"
Wote.
"Na mtihani wao tunafanya sisi."

Usiku nilikuwa nafasiri.
Mkataba mdogo, malipo ya kutosha gesi ya miezi miwili:
maandishi ya makaburi ya watu wasio na jina,
msusi, mwoka mikate,
mtoto wa miaka mitatu na siku tisa,
mtumwa aliyeachwa huru akafa kabla hajazoea.
Warumi waliwazika wafu wao kando ya barabara
ili jiwe limwite mpita njia:
wewe, hebu simama.
Nikampelekea Profesa Haverkamp kurasa kumi.
Zikarudi na wino wa kijani:
Sahihi. Lakini hazipumui.
Kweli. Niliiosha maiti vizuri
nikasahau kulia.

Mwezi wa Machi, Edgardo, binamu yake Yaritza,
alitumwa maziwa, hakurudi.
Pale konani, chini ya reli ya juu,
wakapanga mishumaa ya glasi,
dubu wa manyoya ndani ya nailoni asilowe,
picha yake ya kumaliza shule, kofia imekaa upande.
Treni ikipita, miali yote inainama pamoja.

Yaritza alikuja darasani siku ya tatu.
Nikamwambia, unaweza kwenda nyumbani.
"Nyumbani wamejaa watu. Nipe kazi."
Nikampa kilichokuwa mezani,
jiwe la yule mtoto, mstari wa mwisho: S·T·T·L.
Mchonga mawe alilipwa kwa hesabu ya herufi,
nikamweleza, kwa hiyo maskini walifupisha msiba.
"Kirefu chake?"
Sit tibi terra levis.
Nikamsomea tafsiri yangu:
Ardhi na iwe nyepesi juu yako.
Alitafuna penseli mpaka risasi ikamtia weusi mdomoni.
Kisha akaandika:
Wewe udongo, usimlalie.

Nikasema, kisarufi anayeambiwa ni marehemu.
"Marehemu atafanya nini?" akasema.
"Aambiwe mwenye uzito."

Wiki iliyofuata herufi nne zilikuwa
kwenye mlango wa chuma wa duka la Edgardo la maziwa,
rangi ya kopo, buluu, na vitone katikati, hakusahau vitone.
Halafu kwenye nguzo ya reli. Halafu kona saba,
na nyingine si mwandiko wake.
Mwalimu mkuu, Bi. Lombardozzi, akaniita.
Alikuwapo askari kijana na picha kwenye simu:
genge gani hili jipya?
Nikageuza fomu ya watoro, nikaandika maneno manne mgongoni.
Akayatazama kitambo.
"Ni kitisho?"
Ni ombi.
"Anaombwa nani?"
Sarufi ilinijia kinywani, nikaimeza.
Udongo, nikasema.
Hakuandika kitu. Aliuliza fomu ile kama anaweza kuichukua.

Usiku huo nilifuta kurasa kumi, nikaanza na msusi.
Ule mstari wa mtoto niliuacha kama alivyouandika Yaritza,
jina lake pembeni, nikaupeleka.
Wino wa kijani ulirudi na maneno matatu:
Si sahihi. Iache.

Iache, yaani niitupe,
au iache ikae hapo ilipo?
Nilishika simu, nikaiweka.
Jumatatu nilimwonyesha Yaritza karatasi.
Aliisoma mara moja, akairudisha,
akauliza kama mtihani wa Ijumaa
una vitenzi vya wakati ujao.